Muungwana, mwinyi, sharifu: maneno ya watu wa nasaba na namna ya kuyatumia

Mabibi na mabwana, walimu, watangazaji, wafasiri na wahariri mliofika, asanteni kwa kuitikia mwito.

Kazi yetu imekwisha kuanza, maana salamu hiyo ya "mabibi na mabwana" ni sehemu ya mada. Leo twamwamkia nayo kila aliyeketi ukumbini. Miaka mia na hamsini iliyopita, katika miji ya pwani, bwana alikuwa na watu wake na bibi alikuwa na wake, na mtumwa aliyeulizwa njiani "wewe wa nani?" alijibu kwa kutaja jina la bwana wake. Neno halikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni yule aliyekuwa upande wa pili: mtumwa ameondoka, bwana amebaki peke yake, na neno limegeuka kuwa la adabu tu.

Ninaomba tulishike hilo hadi mwisho. Neno la mtu wa nasaba husomwa kwa kinyume chake. Ukikutana na muungwana, mwinyi, kabaila au sharifu katika maandishi, usikimbilie kamusi kwanza. Uliza: huyu ametofautishwa na nani hapa? Jibu la swali hilo litakwambia kama mwandishi anazungumzia damu, cheo, mali au tabia. Makosa karibu yote tunayoyaona magazetini na katika tafsiri hutokana na kuruka swali hilo.

Tuanze na muungwana, kwa sababu ndilo lenye mambo mengi na ndilo linaloharibiwa zaidi.

Kwanza tahajia. Wapo wanaoandika mwungwana na wapo wanaoandika muungwana. Vitabu vya zamani vimependelea la kwanza, maandishi ya siku hizi la pili. Yote ni neno moja. Chagua moja ulishike, usichanganye katika ukurasa mmoja. Wingi ni waungwana, hali yake ni uungwana, kwa u mbili, na mhariri asikate mojawapo akidhani ni kosa la chapa. Namna yake ni kiungwana.

Sasa maana. Chukueni Biblia ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, mfungue Wagalatia 4:22. Mtasoma kwamba Ibrahimu alikuwa na wana wawili, "mmoja kwa mjakazi, na mmoja kwa mwungwana." Kinyume kimekaa pale pale, neno la nne nyuma yake: mjakazi. Basi mwungwana hapa ni mwanamke huru, asiyemilikiwa na mtu. Hakuna neno lolote kuhusu adabu yake, upole wake wala usemi wake. Fungueni tena Biblia hiyo hiyo, Matendo 17:11, mtakuta watu wa Beroya "walikuwa waungwana kuliko wale wa Thesalonike." Hapa kinyume ni watu wa mji mwingine, waliotoka kufanya ghasia aya chache nyuma, tena kuna neno "kuliko." Uhuru haupimwi kwa "kuliko", ama uko huru ama huko. Tabia ndiyo hupimwa hivyo. Neno moja, wafasiri wale wale, jalada moja, maana mbili. Mhubiri anayewaambia waumini kwamba mwungwana wa Wagalatia ni mama mwenye heshima zake ameivunja hoja nzima ya waraka ule, maana waraka wenyewe unazungumzia utumwa na uhuru.

Kati ya maana hizo mbili ipo ya tatu, na hiyo ndiyo ya pwani hasa. Katika Lamu, Pate, Siyu, Mombasa na miji mingine, muungwana alikuwa mwenye mji. Hakutosha kuwa si mtumwa. Alikuwa na nasaba inayojulikana vizazi kadhaa nyuma, nyumba ya mawe au haki ndani ya nyumba ya mawe, na mahali pake msikitini na barazani. Chini yake walikuwa mtwana na mjakazi, ambao ni mtumwa mwanamume na mtumwa mwanamke. Pembeni yake alikuwa mgeni ambaye nasaba yake haijathibitika. Na nje ya mji, bara, alikuwako yule waliyemwita mshenzi. Neno hili la mwisho ni chungu, nami nalitaja kwa sababu bila hilo hamtaelewa kwa nini maandishi ya zamani yanaweza kumwita muungwana mtu maskini kabisa. Alikuwa maskini, ndiyo, lakini wa mji.

Tofauti hizo zilionekana kwa macho. Mke wa kiungwana wa Lamu alipotoka nje alitembea ndani ya shiraa, pazia la nguo lililoinuliwa kwa miti kama hema, na walioishika ile miti walikuwa wajakazi. Mjakazi mwenyewe alivaa kaniki, kitambaa cheusi cha bei ndogo. Kwa hiyo mtu aliyesimama mbali bila kusikia jina la yeyote aliweza kujua nani ni nani.

Na maneno hayo yalikuwa na kazi katika ndoa. Ndipo tunapopata neno kufu. Kufu ni mtu wa daraja moja nawe, anayestahili kuoana nawe. Fiqhi ya madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, inamruhusu walii, yaani msimamizi wa ndoa ya mwanamke, kupinga ndoa ya binti yake na asiyekuwa kufu yake, na katika vipimo vya ukufu zimo nasaba na uhuru. Mzee aliyesema "yule si kufu yetu" hakuwa anatukana. Alikuwa anatoa hoja ya kisheria. Mwandishi wa riwaya ya kihistoria asipolijua hilo humfanya mzee yule aonekane mwenye kiburi tu, na mgogoro wote wa hadithi unapwaya.

Hapa pana neno jingine linaloumizwa kila siku: suria. Waandishi wa sasa hulifasiri kama hawara au kimada. Si hivyo. Suria alikuwa mjakazi aliyekaa na bwana wake kwa njia iliyotambuliwa na sheria ya wakati ule, na mtoto aliyezaliwa, baba akimkubali, alizaliwa huru, alichukua nasaba ya baba na akarithi sawa na watoto wa mke wa ndoa. Mtoto wa hawara hana nasaba ya baba mbele ya sheria hiyo. Ukibadilisha neno moja umemvua mtu ukoo wake. Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Hilo halikumpunguzia lolote: alikuwa binti wa Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, akaitwa Sayyida. Wengi waliotawala Unguja katika ukoo huo walikuwa watoto wa masuria.

Turudi kwa muungwana, kwa sababu alisafiri. Katika misafara ya karne ya 19 iliyotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na kuvuka hadi Manyema, wapagazi na askari wa misafara walijiita waungwana. Wengi wao walikuwa watumwa bado kwa sheria ya pwani, au watu waliokwisha kuachwa huru. Lakini kule bara kinyume kilikuwa kimebadilika. Hapakuwa na mwenye nyumba ya mawe wa Lamu wa kuwatazama kwa jicho la chini. Walikuwapo watu wa bara, na mbele ya hao mpagazi aliyevaa kanzu, aliyesali na kusema Kiswahili alikuwa mtu wa pwani, muungwana. Wazungu walioandika safari zao waliwaita "Wangwana." Na lugha waliyoiacha mashariki ya Kongo ikapewa jina la Kingwana, yaani lugha ya waungwana, jina ambalo mtalikuta katika vitabu vya sarufi vya wakati wa Wabelgiji. Basi mfasiri akikuta "Wangwana" katika shajara ya msafiri, asiandike "watu wenye heshima," wala asiandike "watu huru." Aandike waungwana, kisha aeleze mara moja kwamba ni watu wa msafara kutoka pwani.

Kilicholisukuma neno hadi kwenye tabia ni sheria. Unguja na Pemba hali ya utumwa iliondolewa kisheria mwaka 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Baada ya hapo mahakama haikuwa tena na mtumwa wa kumweka upande wa pili. Neno likakosa kinyume chake cha kisheria, likatafuta kingine, na kingine kilichokuwapo ni mtu asiye na adabu. Ndiyo maana leo "fanya kiungwana" maana yake ni lipa deni, omba radhi, usimwaibishe mwenzio. Methali inayosema muungwana ni vitendo haikuja bure, ni jibu. Anayejibiwa ni yule aliyeshikilia kwamba muungwana ni ukoo. Na ile ya "muungwana akivuliwa nguo huchutama" imebeba pande zote mbili: mtu wa heshima zake akiaibishwa hujisitiri, hakimbii uchi sokoni. Walimu, mnapoifundisha darasani, tafadhali elezeni kuchutama ni nini. Wanafunzi wengi wa mjini hawalijui neno, wanakariri methali bila kuona picha ya mtu aliyejikunja kwa kukalia visigino.

Sasa mwinyi. Asili yake ni mwenye, mwenye kitu. Kaskazini, upande wa Lamu, lilibaki mwenye au mwenyi; kusini, Unguja na Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, likawa mwinyi. Mwinyi ni mwenye mji, mwenye ardhi, mwenye amri. Lilitangulia jina la mtu kama cheo: Mwinyi Bakari, Mwinyi Haji, Mwinyi Juma. Mtawala wa wenyeji wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu. Muhammad bin Ahmed, aliyejenga jumba lake Dunga katikati ya kisiwa, alifariki mwaka 1865. Mwanawe Ahmed akamfuata mwaka 1873, na cheo kikaishia hapo. Ngoma na siwa za Dunga zimehifadhiwa hadi leo. Siwa ni baragumu la pembe au shaba lililopigwa katika shughuli za watu wa nasaba. Zile mbili mashuhuri, ya pembe kutoka Pate na ya shaba kutoka Lamu, ziko katika hifadhi ya makumbusho ya Kenya. Mwandishi asiite siwa "tarumbeta." Tarumbeta hupigwa na yeyote anayejua. Siwa ilipigwa kwa ruhusa, kwa ajili ya arusi au tohara ya nyumba zilizostahili.

Cheo kilipokufa, mwinyi akabaki katika mambo mawili. Kwanza jina la mtu. Mwinyihaji, Mwinyijuma, Mwinyimvua, na jina la ukoo la Ali Hassan Mwinyi, Rais wa pili wa Tanzania, na mwanawe Hussein Mwinyi, Rais wa Zanzibar tangu 2020. Hapo ni jina, si cheo, na halifasiriwi. Pili, lawama. Umwinyi katika siasa za Tanzania ni tabia ya kukaa kitako na kutaka kutumikiwa, na mwenye nayo ni mwinyi, wengi wao mamwinyi. Tazameni kinyume: zamani mwinyi alikuwa kinyume cha raia wake, na hapakuwa na aibu. Taifa lilipotangaza kwamba mtu ni mfanyakazi au mkulima, mwinyi akawa kinyume cha mchapakazi. Hata ngeli imeshiriki: wingi wa ma- umelipa neno ubaya ambao halikuwa nao lilipokuwa cheo.

Majirani wa mwinyi walikwenda njia nyingine. Katika miji ya Mrima, Bagamoyo na jirani zake, wakuu wa mji waliitwa majumbe na madiwani. Diwani hakupigiwa kura. Alizaliwa katika nyumba inayostahili, kisha akatoa karamu na ada mpaka wenzake wakamkubali. Leo diwani Tanzania ni mtu aliyechaguliwa na wananchi wa kata, awe mtoto wa nani. Jumbe Wajerumani walimfanya mkuu wa kijiji chini ya akida, ofisa wao wa wilaya ndogo. Sheha, aliyekuwa mkuu wa mji chini ya Mwinyi Mkuu, sasa ni mtu aliyeteuliwa na Serikali ya Zanzibar kusimamia shehia. Kosa linalojitokeza ni la kuandika habari za mwaka 1870 na kusema "diwani alichaguliwa," msomaji akaona kampeni na masanduku ya kura. Andika "alitawazwa," au "alishika udiwani." Kitenzi kimoja kinatosha kumrudisha msomaji katika wakati wake.

Kabaila ni kisa ambacho ningependa kila mfasiri akijue, kwa sababu neno lilianguka mbele ya macho yetu, na tarehe zake zipo. Asili ni Kiarabu, neno la makabila, na lilimaanisha mtu wa kabila linalojulikana, mtu wa nasaba. Katika Biblia ile ile ya 1952, Luka 19:12, mfano wa fedha unaanza: "Mtu mmoja, kabaila, alisafiri kwenda nchi ya mbali, ili ajipatie ufalme na kurudi." Wafasiri walitafuta neno la mtu wa ukoo bora na hilo ndilo walilolipata, safi, halina doa. Miaka 15 baadaye, Februari 1967, Azimio la Arusha likaweka masharti ya uongozi: kiongozi asishiriki katika jambo lolote la kibepari au kikabaila. Kuanzia siku hiyo kabaila ni mwenye kuhodhi ardhi na kula jasho la wengine, na kinyume chake ni mkulima anayenyonywa. Kijana wa leo akisoma Luka hushangaa kwa nini Yesu ameanza mfano kwa mnyonyaji, akaanza kutafuta fundisho ambalo halimo. Biblia ya Habari Njema iliona tatizo, ikaandika "mtu mmoja wa ukoo wa kifalme." Ni sahihi. Nami nashauri hivyo kwa kazi zote mpya: kabaila libakizwe kwa mfumo wa umiliki wa ardhi, na kwa mtu wa damu tuseme mtu wa ukoo bora, mtu wa nasaba, au wa ukoo wa kifalme kama ni wa kifalme kweli. Msichukue bwanyenye. Bwanyenye ni wa mali. Anaweza kuwa mtoto wa mchuuzi aliyetajirika juzi.

Sasa tuingie kwa masharifu, na hapa pana umakini wa pekee kwa kuwa tunagusa imani za watu.

Sharifu, wingi masharifu, ni mtu wa kizazi cha Mtume kupitia wajukuu wake Hasan na Husein. Mwanamke ni sharifa. Hakuna wa kumtawaza sharifu wala wa kumvua. Haligeuki kuwa neno la tabia: sharifu mwenye tabia mbaya ni sharifu mwenye tabia mbaya. Usharifu hupitia kwa baba, hivyo mtoto wa sharifa aliyeolewa na asiye sharifu si sharifu, na hapo ndipo hoja ya kufu ilipokuwa kali kuliko kokote. Pwani yetu zipo koo nyingi za namna hiyo zenye asili ya Hadhramaut, huko Yemen, kama Jamal al-Layl, ukoo wa Habib Saleh wa Lamu, aliyeasisi Riyadha, msikiti na chuo cha dini, na kufariki mwaka 1935. Habib ni jina la heshima kwa wanazuoni wa koo hizo. Mtangazaji asimwite sharifu "Sheikh Sharifu fulani" kwa mazoea tu. Sheikh ni wa elimu au umri, sharifu ni wa damu, na mtu anaweza kuwa na kimoja bila kingine.

Sayyid ndilo linalotatiza. Kwa koo za Hadhramaut ni sawa na sharifu. Lakini Mabusaidi waliotawala Oman na Unguja hawakudai kuwa kizazi cha Mtume. Kwao Sayyid ni bwana, mtu wa nyumba inayotawala, na Oman hadi leo Sayyid na Sayyida ni vyeo vya jamaa ya mtawala. Basi neno moja, pwani moja, maana mbili, na kinyume chake ndicho kinachosaidia tena: Sayyid wa Riyadha anatofautishwa na asiye wa kizazi cha Mtume, Sayyid wa Beit al-Ajaib, jumba la watawala wa Unguja, anatofautishwa na raia.

Kisha kuna jina la Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala kuanzia 1806 hadi 1856. Nimeona likifasiriwa "Said mtoto wa sultani." Hapana. Sultan hapo ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmad, aliyeuawa mwaka 1804. Baba angeweza kuitwa Juma. Njia ya kuepuka kosa ni rahisi: baada ya bin au binti huja jina la mtu, kamwe hakiji cheo peke yake. Ukiona cheo baada ya bin, chunguza, kwa sababu pengine ni jina.

Nichukue sentensi moja ya namna tunayoisoma, tuisahihishe pamoja. "Mwanamfalme sharifu Sultan Khalid aliipigania Zanzibar mwaka 1896." Khalid alikuwa bin Barghash, Mbusaidi, basi "sharifu" linaondoka. "Sultan" limekaa mahali pa jina na kumchanganya msomaji na Sultan bin Ahmad. Tena Khalid alijitangaza mtawala tarehe 25 Agosti na tarehe 27 manowari za Waingereza zilikwisha kuibomoa ikulu. "Mwanamfalme" linampa baba anayetawala, na Barghash alifariki mwaka 1888. Aliyefariki siku ile ya 25 alikuwa Hamad bin Thuwaini, binamu yake. Inabaki: "Sayyid Khalid bin Barghash alijitangaza mtawala wa Zanzibar Agosti 1896." Maneno machache, na kila moja linaweza kutetewa.

Wanawake wana maneno yao. Mwana, mbali ya kuwa mtoto, lilikuwa neno la heshima kwa mwanamke wa ukoo, likitangulia jina: Mwana Kupona binti Msham, mshairi, mke wa Bwana Mataka wa Siyu, na Mwana Mkisi, ambaye masimulizi ya Mombasa yanamtaja kama mwanzilishi wa mji. Limeganda katika majina ya Mwanaisha, Mwanakombo, Mwanahamisi. Kosa la mfasiri ni kusoma "Mwana Kupona" kama "mtoto Kupona," na kosa la mhariri ni kuunganisha yale ya zamani kama ya sasa. Cheo kikiwa hai, andika mbali. Jina likiwa limeganda, andika pamoja.

Na Siti ni bibi, mwanamke mtukufu. Mwimbaji aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwishoni mwa karne ya 19 alipewa na wazazi wake jina la Mtumwa. Mtumwa binti Saad. Mjini Unguja sauti yake ikampatia jina la Siti, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri akiwa Siti binti Saad. Wapo waliomuudhi kwa beti, wakimuuliza amekuwa mtu lini. Angalieni hilo neno: mtu. Kwao mtu alikuwa muungwana, na aliyekuja mjini amevaa kaniki alikuwa bado hajawa mtu. Hakuna kamusi inayoiweka maana hiyo mbele, lakini imo katika lugha, na yeye aliielewa barabara, akawajibu kwa beti zake, akitaja utukufu na ukubwa wa jadi kama mambo yasiyo hoja. Mwalimu anayefundisha ushairi huo asipoeleza neno mtu, darasa litaona ugomvi wa waimbaji. Ulikuwa ugomvi kuhusu nani anahesabiwa.

Bara nitapita upesi, kwa kuwa kila jamii ina maneno yake na wenyewe ndio wa kuulizwa. Mtemi wa Unyamwezi na Usukuma, mangi wa Uchagani, mtwa wa Uhehe, mukama wa Buhaya, mwami wa Burundi na Rwanda, kabaka wa Buganda: hivi ni vyeo, na havibadilishani. Usimwandike Mkwawa wa Uhehe mangi. Neno la damu ni lingine: Wakilindi kwa Wasambaa, Wahinda kwa Buhaya, baganwa kwa Burundi. Tanzania Bara ilifuta mamlaka ya kisheria ya machifu mwaka 1963, kwa hiyo cheo kiliondolewa, lakini hakuna sheria iliyoweza kumfanya Mkilindi asiwe Mkilindi.

Hatari kubwa hapa ni neno mwanamfalme. Louis Rwagasore wa Burundi, aliyeuawa Oktoba 1961, alikuwa mwana wa Mwami Mwambutsa, basi mwanamfalme ni sahihi kabisa. Lakini Unyamwezi wa zamani utemi ulikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Mwana wa mtemi hakuwa mrithi. Usukumani watoto wa watemi walipewa vijiji vya kusimamia wakaitwa banangwa, hasa kwa sababu kiti hakikuwa chao. Ukimwita mtu wa namna hiyo mwanamfalme, msomaji anamwona akisubiri kiti. Sema mwana wa mtemi, kisha eleza urithi ulivyokwenda.

Na Ulaya, maana habari zake tunazisoma kila wiki. Kiswahili kina mfalme, malkia, mwanamfalme na binti mfalme. Kwa daraja za chini yake hatuna kitu ila lodi. Uingereza ina daraja tano za urithi chini ya mfalme, na kuzitafutia maneno matano ya Kiswahili ni kazi bure. Acha cheo kama kilivyo katika jina, kama Duke wa Edinburgh. Usiandike "mtawala wa Edinburgh," kwa sababu hatawali Edinburgh wala popote.

Mwanamfalme linahitaji kusimamiwa. Philip, mume wa Malkia Elizabeth, aliyefariki tarehe 9 Aprili 2021, aliitwa mwanamfalme katika taarifa nyingi, na msikilizaji akajiuliza ni mtoto wa mfalme yupi. Alikuwa mjukuu wa mfalme wa Ugiriki. "Mume wa malkia" ingemaliza. William, kabla ya Septemba 2022, alikuwa mjukuu wa malkia na baba yake hakuwa mfalme. Tangu hapo ni mwanamfalme bila wasiwasi. Malkia nalo hubeba watu wawili tofauti. Elizabeth alitawala. Camilla, aliyetawazwa pamoja na mumewe tarehe 6 Mei 2023, ni mke wa mfalme, hatawali. Mara ya kwanza katika taarifa sema "Malkia Camilla, mke wa Mfalme Charles," na baada ya hapo malkia linatosha.

Wingi pia. Wanamfalme ni watoto wa mfalme mmoja. Kama mkutanoni wamefika kutoka Moroko, Jordan na Uholanzi, andika wana wa wafalme, kwa maneno matatu, maana baba zao ni watatu.